Aliyerudi Kumtafuta Golikipa

Msinicheke. Nnajua mtu wa umri wangu, mfamasia aliyekaa nyuma ya dirisha la dawa kwa miaka ishirini na minane, hatarajiwi kusema maneno kama haya. Ningesimuliwa mie na mtu mwengine, ningemwuliza jana amelala saa ngapi na amemeza nini. Lakini haya yamenifika mchana, jua la utosi, akili zangu timamu, homa sina. Wallahi sikuongeza neno. Kama nimefanya kitu, basi nimepunguza.

Nianze na kaka yangu, kwa sababu bila ya yeye nisingekwenda Qantab.

Hilal ni mkubwa wangu kwa miaka mitano. Mwaka jana alipata kiharusi akiwa anavaa viatu kwenda kusali Ijumaa. Mguu ukarudi, mkono ukarudi, maneno hayakurudi. Huyu ni mtu aliyekuwa akianza kusimulia mechi ya jana, chai inapoa, maandazi yanakauka, na wewe huna njia ya kuondoka. Miezi saba hakutoa neno. Anakutazama, anafungua mdomo, anaufunga. Wifi yangu Zuwena alikuwa akinipigia simu kila jioni, na kila jioni jibu moja: "Hajasema, wifi."

Mtaalamu wa kufundisha watu kusema alituambia tutafute vitu vyake vya zamani, alivyovipenda tangu utoto. Pengine vitu hivyo vitamvuta ulimi. Zuwena akanitazama mie. Nani mwengine anayejua utoto wa Hilal? Wazee wetu wameshatangulia.

Nikajua papo hapo ni kitu gani. Picha za wachezaji.

Sijui wewe umekulia wapi. Sisi tumekulia Sib, huku Omani, katika nyumba za serikali, safu kwa safu, mageti yote rangi moja hata mtu mzima akipotea akiingia kwa jirani. Wazee wetu walikuwa wametoka Unguja si zamani. Ndani Kiswahili, nje Kiarabu, na dukani kwa Mmalabari wa kona, Mhindi wa kusini, ni lugha zote pamoja na vidole. Huyo Mmalabari alikuwa akiuza chingamu ya waridi, pana, ngumu kama kigae, na ndani ya kila pakti mna picha ya mchezaji mpira. Ilikuwa na unga unga mweupe, ukiinusa inanukia sukari. Mpaka leo nikifungua chupa fulani za dawa za watoto pale kazini, harufu ile inanijia, na mikono inaniwasha.

Watoto wa mtaa mzima walikuwa wagonjwa wa picha zile. Ukipata ya mara mbili unabadilishana. Huna ya kubadilisha, unacheza: unaweka yako chini, mwenzio anaweka yake, unapiga kofi, ikigeuka umeila. Viganja vyao vilikuwa vyekundu kama vimetiwa hina.

Hilal alikuwa na mshirika wake, Mbarouk, mtoto wa jirani, ukuta kwa ukuta na sisi. Walikuwa umri mmoja, miaka kumi na nne. Mbarouk alikuwa na jino la mbele lililokatika pembe kwa kuanguka ukutani, na akicheka utaliona hilo kabla hujamwona yeye. Walikuwa na kitabu kimoja baina yao, daftari la skuli lenye jalada la buluu, wamebandika picha kwa gundi ya uji wa unga. Juu Hilal aliandika kwa kalamu nyekundu: H na M. Sitini zilikuwa zote. Walikuwa nazo hamsini na tisa. Iliyobaki ni golikipa mmoja mwenye fulana ya manjano, anaruka, mikono hewani. Mtaa mzima hapana aliyekuwa naye. Wakamwachia nafasi yake ukurasa wa mwisho, wameizungushia mstari kwa rula.

Mie nilikuwa na miaka tisa, mwembamba, wakiniita Kijiti. Kitabu nilikuwa naruhusiwa kukitazama, mikono nyuma. Hebu fikiri. Mikono nyuma.

Ijumaa moja baba zetu walitupakia sote kwenye pikapu wakatupeleka Qantab, kwenye ghuba ile ndogo ya wavuvi iliyofichwa na milima. Huko ndiko Mbarouk alipofungua chingamu yake, akampata golikipa. Mayowe aliyopiga! Baada ya chakula wakubwa walilala qaila, usingizi ule wa mchana, chini ya turubai. Golikipa, ambaye walikuwa hawajambandika kwa gundi, akawa hayumo kitabuni. Ikasemwa upepo umempeperusha kwenye majabali. Mbarouk akaenda kumtafuta peke yake, jua kali, watu wamelala. Laasiri ikafika hajarudi. Wanaume walimkuta baina ya mawe mawili, maji ya kiunoni tu. Tulimzika Sib usiku ule ule. Mie nililiona jeneza likitoka getini kwao, na nimeona kaburi lake mara nyingi baadaye. Kumbuka hilo, maana huko mbele utataka kuniambia pengine hakufa.

Toka siku hiyo sijakanyaga tena Qantab. Miaka arubaini na mitatu.

Basi nikaanza kutafuta picha zile kwenye simu. Kuna ukurasa wa watu wanaokusanya vitu vya zamani, sarafu, stempu, redio, mikebe ya maziwa. Nilidhani nitatafuta siku mbili tatu kwa ajili ya kaka yangu. Mambo hayakwenda hivyo. Nilishikwa. Nikawa natazama simu nikiwa kazini, natazama nikiwa msalani, natazama mpaka wali unaungua. Nilipata picha tano kwa mtu wa Nizwa, nyengine mbili kwa bibi mmoja wa Dubai aliyekuwa akilia alipokuwa akinisimulia za ndugu zake. Kila nikiipata moja nilikuwa sitosheki, nataka ya pili papo hapo. Hilal nilimpelekea zile saba. Akazitazama kidogo, akazirudisha mezani.

Siku ya Jumatatu, kwenye ukurasa ule, likatokea tangazo lenye picha moja. Daftari la buluu. Kalamu nyekundu. H na M.

Nikakaa kitako sakafuni. Nikajipa akili: kitabu kilibaki kwa mama yake Mbarouk, Bi Sharifa. Wao walihama Sib baada ya msiba. Bi Sharifa amefariki zamani, bila shaka mmoja katika jamaa zake amekiokota ndani ya sanduku. Hapana ajabu hapo, eti? Nikamwandikia mwenye tangazo kwa Kiarabu, kwa adabu, nikamwuliza anakiuza vipi.

Akajibu kwa Kiswahili.

"Hakiuzwi. Kinapewa mwenyewe. Njoo Qantab kesho baada ya adhuhuri."

Hapo ningekaa kwangu. Mtu mwenye busara angekaa kwake. Lakini nilimfikiria Hilal anavyofungua mdomo na kuufunga. Nikachukua ruhusa kazini, nikasali adhuhuri nyumbani, nikatia gari moto.

Ile barabara inapanda milima kisha inakuteremsha, mara bahari iko mbele yako. Saa saba na nusu. Kwa joto la siku ile hata paka hawakuwapo nje. Madirisha yote yamefungwa, viyoyozi vinanguruma, mashua zimepandishwa juu ya mchanga, hapana mtu. Alinielekeza nyumba ya mwisho, yenye bomba la maji nje. Mlango ulikuwa wazi.

Nikabisha. Nikasema, "Assalamu alaykum."

Salamu haikujibiwa. Sauti ikasema tu, "Ingia."

Alikuwa mtu mzima amekaa chini kwenye jamvi, kavaa fulana na kikoi, ndevu zina mvi, kichwa kinaanza upara. Umri wake kama wa Hilal. Ndani mlikuwa mna baridi, na nilipotazama juu nikaona kiyoyozi hakimo, na feni imesimama. Mbele yake hapana sinia, hapana tende, hapana birika la kahawa. Mie nimezaliwa nchi hii na nimeingia nyumba za matajiri na za masikini, sijapata kuingia nyumba ya Muomani mgeni asitiliwe kahawa. Hilo ndilo lililonitisha kwanza, kabla ya mengine.

"Umechelewa, Kijiti," akasema.

Akacheka. Jino la mbele limekatika pembe.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Hata mie nimejiuliza. Nilitazama miguu yake, kama tulivyofundishwa na bibi zetu. Kwato hamna. Ilikuwa miguu ya mtu, ila ngozi ya nyayo na ya vidole ilikuwa nyeupe, imekunjana, kama ya mtu aliyekaa majini kutwa. Vidole vya mikono pia. Nikajiambia, huyu atakuwa mtoto wa ami yake, jamaa hufanana. Nikauliza, "Wewe nani katika watu wa Bi Sharifa?"

"Unanifanyia mzaha?" akasema. "Hilal yuko wapi? Kwa nini hakuja yeye?"

"Hilal anaumwa."

"Meno tena?"

Maana Hilal alikuwa akiumwa na meno utoto mzima. Nani anayajua hayo?

Kisha akaanza kuniuliza mambo, mbio mbio. Mnyororo wa baiskeli umetengenezwa? Mwalimu wa hesabu amesharudisha madaftari? Mmalabari ameleta chingamu mpya? Skuli mushafungua? Sauti ilikuwa ya mzee, nzito, ina kikohozi. Maneno yalikuwa ya mtoto wa miaka kumi na nne. Kilichokua kilikuwa mwili peke yake. Alikuwa ameota mvi na hajui kitu kimoja kilichotokea baada ya ile Ijumaa. Siwezi kukueleza ubaya wa jambo lile. Angekuja kama mtoto, au mifupa, au moshi, ningepiga kelele, ikaisha. Lakini alikuwa mzee mwenzangu, anakuna ndevu, ananiuliza habari za baiskeli.

Mie najibu. Ndio, nilikuwa namjibu! "Bado. Ndio. Sijui." Mikono yangu, nakuapia, ilikuwa nyuma.

Akachukua kitabu kutoka chini ya jamvi, akakifungua ukurasa wa mwisho, akanigeuzia. Nafasi iliyozungushiwa mstari ilikuwa tupu.

"Nimetafuta kila jabali," akasema. "Nimetafuta mpaka chini. Simwoni. Wewe ulikuwa umekaa pale karibu na kitabu, Kijiti. Humkumbuki? Hukumwona golikipa?"

Sasa nikwambie nisilopata kumwambia mtu, si mama yangu, si marehemu mume wangu. Upepo haukuwapo siku ile. Nilimchukua mie. Walipokuwa wanaoga baharini nilimtia ndani ya suruali yangu ya marinda, chini ya kanzu, nikakaa kimya. Sikutaka kumwiba. Nilitaka wanitafute mie, wanibembeleze, wanipe kitabu nikishike kwa mikono yangu hata kwa dakika tano, kisha nimrudishe. Ndio hivyo tu. Mbarouk alipoanza kutafuta nilimwona. Alipokwenda zake majabalini nilimwona. Nilikuwa nimejifanya nimelala. Nilikuwa nangoja arudi, aje aniombe.

Siku ya pili ya matanga, nyumba imejaa wanawake, chetezo cha ubani kinafuka mlangoni. Nikamtia golikipa kwenye makaa. Alijikunja, akatoa moshi wa rangi ya kijani, na mwanamke mmoja akasema, "Ubani gani huu unanuka?" Basi.

Miaka arubaini na mitatu, na Mungu akaniletea mtu yule yule, au kitu chenye sura yake, akaniuliza kwa upole, bila ya kunituhumu. Na unajua nilimjibu nini?

"Sijamwona."

Nikasema uongo mara ya pili. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili.

Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Haya," akasema. "Chukua kitabu, mpelekee Hilal. Mie ntakuja kumtafuta golikipa kwenu."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka niko garini, vioo nimevifunga, nimekipakata kitabu, na chembechembe za chumvi zinadondoka baina ya kurasa kwenye mapaja yangu. Karatasi zenyewe zilikuwa kavu, nzima, gundi imeshika, utasema zimebandikwa juzi.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Hilal. Alipoliona jalada la buluu alisimama bila ya fimbo. Zuwena akaanza kulia kwa furaha. Hilal akafungua ukurasa mmoja mmoja, kidole chake kinapita juu ya kila sura, midomo inacheza kama anayesoma majina. Alipofika ukurasa wa mwisho akagonga kidole kwenye ile nafasi tupu. Akanitazama. Akagonga tena. Akatoa sauti ya kooni ambayo sijapata kuisikia kwake. Aligonga mpaka ukucha ukatoa damu, na tulipotaka kukichukua kitabu alikibana kifuani.

Kesho yake Zuwena akanipigia, na safari hii hakusema lile jibu lake. "Wifi, umemletea nini mwenzangu? Halali usiku. Anazunguka nyumba nzima na kile kitabu, anainua mito, anainua mazulia. Anatafuta kitu."

Na mie kwangu kulikuwa na mtu anatafuta.

Naishi Maabela, peke yangu, mume wangu ameshafariki na binti yangu anasoma ng'ambo. Saa nane mchana, wakati wa qaila, nilikuwa nimejilaza, nikasikia droo ya jikoni inavutwa. Polepole. Vijiko vikasogezwa. Ikarudishwa. Ikavutwa ya pili. Nikasema ni jirani. Ikavutwa droo ya sebuleni, na hiyo nnaijua, ina mlio wake. Nikatoka. Hapana mtu. Droo zote zimefungwa, na chini, mbele ya kila moja, pana mchanga mbichi kama uliochotwa kwa kiganja.

Siku ya pili ikawa kabati la nguo. Siku ya tatu akawa anafungua vitabu vyangu vya dawa, nasikia kurasa. Hakuvunja kitu, hakutupa kitu. Alikuwa anatafuta kwa adabu, kama mtoto wa watu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nilisoma Ayatul Kursiyu, nikafukiza, nikaweka Kurani sauti ya juu kwenye simu. Unajua alichofanya? Alinyamaza wakati wa kisomo, akangoja kiishe, akaendelea. Nilikuwa nakaa kwenye gari, nje, kwenye joto lile, nimewasha injini, natazama dirisha la chumba changu mpaka laasiri iadhiniwe. Kazini nikaanza kukosea. Nilimpa bibi mmoja dawa ya mwenzake, mwenzangu akaiwahi mlangoni. Nikasema, hapa nitaua tena.

Neno "tena" lilinitoka kwa sauti, peke yangu mbele ya rafu za dawa. Ndipo nilipojua kwamba sina njia.

Nikampigia kwanza dada yake Mbarouk, Da Ghaniya, anayekaa Barka. Sikumweleza kitu. Nilimwuliza tu kile kitabu cha picha kilikwenda wapi. Akasema, "Leo umekumbuka nini, mwanangu? Mama alikwenda nacho Qantab siku ya arubaini ya marehemu. Akakitia baharini kwa mkono wake. Mie nilikuwa nimemshika kanga asije akaingia na yeye."

Siku ya tano niliingia kwa Hilal saa nane mchana. Nilimwomba Zuwena atuache. Kaka yangu alikuwa amekaa kitandani na kitabu magotini. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia yote. Suruali ya marinda. Kujifanya nimelala. Chetezo. Nilisema nikitazama zulia. Nilipomaliza, nje kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji.

Kisha Hilal akasema.

"Mimi ndiye niliyemrudisha majabalini."

Ulimi ulikuwa mzito, lakini kila neno lilikuwa mahala pake. Nikainua kichwa. Machozi yanamtoka, uso haukujikunja hata kidogo.

"Alinambia basi, tumwache. Nikamwambia usirudi bila yake. Nikamwambia wewe ndiye uliyemwacha nje." Akapumua. "Miaka yote hii nnasema ni mimi."

Unaelewa? Kaka yangu amebeba kitu changu tangu ana miaka kumi na nne. Ameoa nacho, amezaa nacho, ameamka nacho kila alfajiri, na mie nilikuwa nyumba ya pili, nakula kwake Ijumaa, nacheka kwenye hadithi zake.

Nikataka kumshika mkono. Akauondoa, bila ya nguvu, akauweka juu ya kitabu.

Nilipofika kwangu siku ile nilisimama katikati ya sebule nikasema kwa sauti: "Mbarouk, usimtafute tena. Golikipa nilimchoma mie, siku ya pili ya matanga yako. Nisamehe." Droo ya sebuleni ilikuwa imevutwa nusu. Ilibaki hivyo hivyo. Sikusikia kicheko, sikusikia kilio, sikupewa samahani wala kunyimwa. Mchanga haukuja tena.

Baadaye nilikwenda Qantab na Da Ghaniya, tukamsomea hitima pale pwani. Nilimwambia na yeye. Alinitukana matusi yaliyonistahili, kisha tukarudi gari moja. Nyumba ya mwisho ilikuwa na kufuli lenye kutu. Mwanamke wa jirani alisema mwenye nyumba yuko Sohar, na kwamba hapana aliyepangishwa humo tangu yeye alipoolewa. Tangazo kwenye simu nalo halipo. Zile jumbe nilizomwandikia kwa Kiarabu zipo, zimepangana moja juu ya moja, bila jibu hata moja.

Na Hilal? Hilal anasema. Anasema na mkewe, na wanawe, anagombana na refa ndani ya televisheni. Mtaalamu wake anamtolea mfano kwa wagonjwa wengine. Nikiingia mie, ananyamaza. Si kwa ubaya. Ananipa mkono, ananionyesha kiti, ananisogezea sahani ya halua. Neno tu ndilo halitoki. Zuwena anamwuliza mbele yangu, "Husemi na dadaako?" na yeye anafungua mdomo, anaufunga. Nimetazama macho yake nikitafuta hasira. Ningeipata hasira ningeshukuru. Naona mtu anayejaribu.

Usingizi wa qaila nimeukosa moja kwa moja. Ikifika saa nane mwili unasimama wenyewe, natembea ndani ya maduka makubwa yenye baridi, nazunguka, sinunui kitu, mpaka adhana.

Nawe unayenisoma, nisikilize. Ukikiona kwenye simu kitu chako cha utotoni, chenye mwandiko wa mtu wako, na mwenye nacho akakwambia hakiuzwi, usende. Na kama ulimfichia mtu kitu, hata kikawa ni karatasi ya ukubwa wa kiganja, mwambie angali anaweza kukutukana. Usingoje aje kukuuliza kwa upole.

Jana nilikwenda kwa Hilal. Nilipofika mlangoni nikamsikia ndani anawasimulia wajukuu wake bao fulani la zamani, pasi kwa pasi, sauti ile ile, chai bila shaka inapoa. Nikakaa kwenye ngazi nikasikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikashuka, sikubisha.